Stima Ikipotea, Unapanda

Juni 2023, ile wiki dunia nzima ilikuwa inahesabu masaa ya hewa yaliyobaki ndani ya Titan, mimi nilitengeneza vidio. Sekunde 40, muziki wa kutisha kwa nyuma, saa ikihesabu kurudi sufuri. Nikaongea na ile sauti ya mtu anayejua: wako chini karibu na Titanic, wamekwama, hawana njia ya kupanda. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuweka mtandaoni.

Na yote yalikuwa uongo. Hakuna aliyekuwa amekwama. Watu 5 waliokuwa ndani, mmoja wao kijana wa miaka 19, walikuwa wamekufa tangu Juni 18, siku ile ile waliyoshuka, kabla mimi hata sijasikia jina Titan. Chombo kilipondwa na maji ghafla. Mimi nilikuwa nahesabia marehemu pumzi.

Nilifuta. Lakini kuna swali moja mtu aliniuliza chini ya ile vidio ambalo halijawahi kunitoka: kwani hicho kitu hakina namna ya kurudi juu chenyewe? Nilimjibu na emoji ya kucheka kwa sababu sikujua. Leo najua, na ukweli ni kwamba hilo ndilo swali ambalo walioanzisha hii kazi ya kwenda chini kabisa walikuwa wanajiuliza kabla ya maswali mengine yote. Sisi tukisimulia stori za bahari tunapenda kuhesabu mita: nani alifika wapi, nani alivunja rekodi. Mimi nimeanza kuamini tunasimulia upande usiofaa. Kushuka hata jiwe linashuka. Historia yenyewe iko kwa kurudi.

Anza na njia ambayo mimi na wewe tungefikiria kwanza: kamba. Mwaka 1930, Wamarekani wawili, William Beebe na Otis Barton, walijifungia ndani ya tufe la chuma karibu na kisiwa cha Bermuda, wakashushwa baharini na winchi kutoka kwa meli. Hilo tufe lilikuwa na upana usiofika mita moja na nusu. Wanaume wawili wazima humo ndani, magoti kwa kidevu, wakichungulia kwa vidirisha vidogo samaki wanaowaka taa. Agosti 15, 1934 walifika mita 923, mahali ambapo hakuna mtu aliye hai alikuwa amewahi kufika.

Heshima kwao. Lakini angalia ni nani anaendesha hiyo gari. Sio wao. Wao ni mzigo. Winchi ikikwama, wamekwama nayo. Meli ikipanda na mawimbi, tufe linavutwa juu. Meli ikishuka, kamba inalegea halafu inakazwa kwa kishindo. Kamba ikikatika, hakuna la kuongea, tufe lenyewe ni zito kuliko maji na litaenda hadi sakafu. Na ukitaka kwenda mbali zaidi unahitaji kamba ndefu zaidi, ambayo nayo ni nzito zaidi, hadi inafika mahali kamba inapigana na uzito wake yenyewe kabla hata hujaongeza watu. Kwa njia hiyo huwezi kufika kilomita 11.

Sasa hapa tunaacha bahari kidogo twende hewani, na mnivumilie, kwa sababu jibu lilitoka huko.

Auguste Piccard alikuwa Mswisi aliyezaliwa mwaka 1884, profesa wa fizikia kule Brussels, Ubelgiji. Alitaka kupima miale inayotoka anga za mbali, na ili aipime vizuri alihitaji kwenda juu, mahali hewa ni nyembamba kiasi kwamba mtu hawezi kupumua. Kwa hivyo akatengeneza tufe la aluminiamu lililofungwa kabisa, lenye hewa yake ndani, akalining'iniza chini ya puto kubwa. Puto likaitwa FNRS, kifupi cha jina la mfuko wa utafiti wa Ubelgiji uliotoa pesa.

Mei 27, 1931, yeye na msaidizi wake Paul Kipfer waliondoka Augsburg, Ujerumani, alfajiri. Wakafika mita 15,781. Hakuna mtu alikuwa amewahi kwenda juu hivyo. Halafu shida ikaanza.

Puto linafanya kazi hivi: gesi iliyo ndani ni nyepesi kuliko hewa, kwa hivyo linapanda. Ukitaka kupanda zaidi, unatupa mzigo. Ukitaka kushuka, unavuta kamba inayofungua valvu, gesi kidogo inatoka, unashuka. Ni hayo tu. Lakini siku hiyo kamba ya valvu ilikuwa imejisokota na nyingine. Ilikataa. Kwa hivyo hawa watu wawili wakawa wafungwa wa anga. Wangeweza kupanda, hawangeweza kushuka. Jua likachoma lile tufe hadi ndani kukawa kama matatu ya saa nane mchana imefungwa madirisha, maji ya kunywa yakaisha, wakawa wanalamba matone yaliyoganda kwa ukuta. Kule chini magazeti yalikuwa yameanza kuwaombolezea. (Hiyo tabia ya kuombolezea na kuhesabia watu hewa sio mimi nilianzisha, ingawa sijitetei.)

Kilichowashusha hakikuwa werevu wa mtu. Ni jioni. Jua lilipozama gesi ikapoa, ikasinyaa, puto likaanza kushuka polepole lenyewe, na usiku wakatua juu ya barafu kwenye milima ya Austria, wazima.

Nikisoma hiyo stori naona kitu kimoja. Profesa alipata somo la siku nzima, kwa jasho lake mwenyewe, kuhusu tofauti kati ya chombo kinachohitaji kifaa kifanye kazi ndio urudi nyumbani, na chombo kinachorudi nyumbani hata vifaa vikigoma. Wazo la kwenda chini ya bahari alikuwa nalo. Na alipoligeukia, alichora puto. Puto kamili, ila la majini.

Hebu tulijenge pamoja. Unahitaji tufe la chuma nene la kubeba watu, kwa sababu tufe linagawa shinikizo la maji sawasawa pande zote, halina kona ya kuvunjikia. Shida ni kwamba tufe nene kiasi hicho linazama kama jiwe. Kwa hivyo juu yake unafunga kitu kikubwa chepesi cha kulibeba. Puto linatumia gesi. Baharini gesi haifai: kwa mita 10 tu chini ya maji, hewa iliyokuwa imejaza baluni inasinyaa kufika nusu. Kwa kilomita 10 ni kama haipo. Unahitaji kitu chepesi kuliko maji lakini kisichokubali kubanwa ovyo. Piccard akachagua petroli.

Petroli kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na kidogo. Lita moja ya petroli ni kama gramu 700. Kila lita inakupa kama gramu 300 za kukuinua. Sio nyingi, ndio maana unahitaji nyingi sana. Chombo maarufu kuliko vyote vya aina hii, Trieste, kilibeba karibu lita 85,000. Piga hesabu, ni zaidi ya tani 25 za nguvu ya kuinua. Ukiona picha yake utadhani ni nyambizi ndefu ya mita 18 hivi. Sio. Ile yote ndefu ni tangi la petroli. Watu wako kwa kale kampira kadogo kanakoning'inia chini ya tumbo.

Na hapa kuna ujanja ninaoupenda. Tangi lenyewe halikuwa nene. Lilikuwa la mabati ya kawaida tu, kwa sababu chini lilikuwa limeachwa wazi kwa maji. Shinikizo la nje likiongezeka, maji yanaingia kidogo kutoka chini, yanasukuma petroli, na ndani na nje kunakuwa sawa. Petroli inabaki juu kwa sababu ni nyepesi. Hakuna kinachogombana na ukuta, kwa hivyo ukuta hauna haja ya kuwa na nguvu.

Sasa kushuka na kupanda. Mabaharia wa majahazi wana neno, farumi: ule mzigo wa mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo kikituliza. Farumi ya Piccard ilikuwa punje ndogo za chuma, tani kadhaa, zimejazwa kwa mapipa mawili yenye umbo la faneli, moja mbele, moja nyuma. Trieste ikienda safari yake kubwa ilibeba kama tani 9. Uzito huo ndio unakuzamisha. Ukizama haraka sana, unamwaga chuma kidogo, unapunguza mwendo. Ukisimama katikati na unataka kuendelea kushuka, unaachilia petroli kidogo. Ukitaka kurudi, unamwaga chuma kingi.

Ona kwamba dereva ana mifuko miwili, petroli ya kushukia na chuma cha kupandia, na yote ni ya kutumia tu. Hakuna kuongeza huko chini. Ni kama kredo: ukimaliza umemaliza. Kila mguso wa swichi unajiuliza umebakisha ngapi.

Na hizo punje zinazuiwa na nini zisimwagike zenyewe? Kwa shingo ya faneli kulikuwa na waya umezungushwa, sumaku ya umeme. Umeme ukipita, punje zinashikana, zinakuwa kizibo. Ukikata umeme, zinaachana na kumwagika kama njugu kutoka kwa gunia lililotoboka.

Rudia hiyo sentensi polepole. Chuma kinashikiliwa na umeme. Maana yake betri ikifa, waya ukikatika, mtu akizimia juu ya usukani, chochote kikiharibika huko gizani, chuma kinamwagika na chombo kinapanda. Mapipa yenyewe pia yalikuwa yanaweza kuachiliwa yote yaende. Sisi hapa tumezoea stima ikipotea kila kitu kinasimama, lifti na wewe ndani, mayai ya kifaranga kwa inkubeta ya jirani, kila kitu. Huyu mzee akapanga kinyume: stima ikipotea, unaenda nyumbani. Kukaa chini ndiko kunahitaji kazi. Kupanda ni bure.

Haikuanza vizuri lakini. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha kazi, na chombo cha kwanza, FNRS-2, kilifika baharini mwaka 1948, upande wa Cape Verde, Afrika Magharibi. Novemba 3 kilitumwa bila mtu ndani. Kilishuka mita 1,380, kikaachilia uzito wake, kikarudi. Kwa swali letu, hiyo ni alama mia kwa mia. Lakini kilipofika juu mawimbi yakakipiga, lile tangi jembamba likaharibika, petroli ikabidi imwagwe, na wengi wakasema hilo wazo limekufa. Chini ya bahari hakikuguswa. Kilichokishinda ni juu. Wafaransa wakachukua tufe lake, wakalivisha mwili mpya wa kuvumilia mawimbi, na Februari 15, 1954 maafisa wao wawili, Houot na Willm, wakafika mita 4,050 karibu na Dakar. Piccard mwenyewe alikuwa ameshahamia Italia na mwanawe Jacques kujenga Trieste. Septemba 1953 baba na mwana walishuka pamoja mita 3,150 karibu na kisiwa cha Ponza. Mzee alikuwa na miaka 69. Mimi babu yangu wa umri huo haruhusiwi hata kupanda bodaboda.

Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la Marekani likainunua Trieste, ikawekewa tufe jipya kutoka Ujerumani, ukuta wa chuma wenye unene wa sentimita 12.7, ikapelekwa Guam kwenye Pasifiki. Karibu na hapo kuna mfereji wa Mariana, na ndani yake shimo la Challenger Deep, mahali pa chini kuliko pote duniani tunapopajua. Ukichukua mlima Everest ukautumbukiza humo, kilele chake kitabaki chini ya maji na bado kuna kilomita mbili juu yake.

Januari 23, 1960. Jacques Piccard, miaka 37, na Luteni Don Walsh, miaka 28. Bahari ilikuwa mbaya, na safari ya kuvutwa hadi hapo ilikuwa imeharibu vifaa kadhaa. Saa 2 na dakika 23 asubuhi wakaanza kushuka. Na karibu mita 100 tu, wakasimama.

Hii sehemu hakuna mtu huisimulia na mimi ndiyo naipenda. Maji ya juu ni ya moto, ya chini ni baridi, na maji baridi ni mazito. Ukifika mpaka wao, chombo chepesi kinakuwa kama kimekalia godoro, kinadundadunda. Trieste ilikalia. Piccard akaachilia petroli kidogo, wakashuka kidogo, wakasimama tena kwenye tabaka lingine. Tena petroli. Tena wakasimama. Unaenda kuvunja rekodi ya ulimwengu na umekwama karibu na mlango, unatumia ile petroli unayoihitaji, na kila lita inayotoka hairudi.

Wakishapita hapo mambo yakageuka. Kadiri unavyoshuka, petroli inapoa na kubanwa, maji yanaingia nafasi yake, chombo kinazidi kuwa kizito. Ukiachia tu, utazidi kupata mwendo hadi ugonge chini. Kwa hivyo kazi ikawa kumwaga chuma, kidogo kidogo, kushikilia mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Ndani ya tufe baridi ikaingia. Wakala chokoleti.

Wakishapita mita 9,000, kukalipuka mlio, chombo kizima kikatetemeka. Wakaangalia vipimo: tufe liko sawa, wao wako hai, na kwa hiyo kina ungekuwa umekufa kabla ya kusikia mlio wa hatari ya kweli. Wakaendelea. Baadaye waligundua ni dirisha la nje, kwenye lile bomba la kuingilia, lililopasuka. Na hapo kuna fumbo dogo la kurudi: bomba hilo hujaa maji wakati wa safari, na ili mtoke mkifika juu lazima muyasukume nje kwa hewa. Dirisha likiwa limepasuka vibaya, mnafika juu salama halafu mnashindwa kufungua mlango wa nyumba yenu.

Baada ya karibu masaa matano ya kushuka walikalia tope la chini, mita 10,916. Shinikizo la zaidi ya tani moja kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani gari dogo limesimama juu ya ukucha wa kidole chako. Wakapiga simu ya kutumia sauti majini. Maneno yalichukua kama sekunde 7 kufika kwa meli. Tope walilolitibua lilijaza dirisha kama maziwa. Hawakupata picha ya maana. Dakika 20, kisha Piccard akakata umeme wa sumaku.

Chuma kikamwagika. Trieste ikaachana na tope na kuanza kupanda, polepole kwanza, halafu haraka zaidi kwa sababu petroli ilikuwa inapanuka tena. Masaa matatu na robo. Hakuna injini iliyosukuma, hakuna hewa iliyopulizwa, hakuna kamba. Kufika juu wakatoa maji ya lile bomba polepole sana kwa sababu ya ule ufa, na mlango ukafunguka.

Sasa nataka mkumbuke hiyo tarehe kwa sababu miaka mitatu baadaye, jeshi hilo hilo lilipata somo upande wa pili.

Nyambizi za kijeshi hazipandi kama Trieste. Zina matangi yanayojazwa maji ili kuzama, na kupanda, unapuliza hewa yenye shinikizo kubwa kutoka kwa mitungi isukume hayo maji nje. Nguvu nyingine inatoka kwa injini: pua juu, propela izunguke, unapanda kama ndege. Kwa kina cha kawaida ni mpango mzuri. Lakini ona una mahitaji mangapi. Injini lazima iwake. Mitungi lazima ipulize.

Aprili 10, 1963, USS Thresher, nyambizi mpya ya nyuklia, ilikuwa inafanya majaribio ya kwenda kina chake cha mwisho, mashariki ya Cape Cod kwenye Atlantiki. Uchunguzi wa jeshi ulihitimisha kwamba huenda bomba lilipasuka, maji ya chumvi yakanyunyizia mitambo ya umeme, na mtambo wa nyuklia ukajizima. Injini ikaisha hapo. Wakajaribu kupuliza hewa. Baadaye, kwenye nyambizi ya aina hiyo hiyo, Tinosa, ikiwa imefungwa bandarini tu, wahandisi walijaribu kupuliza vile vile waone. Umewahi kushika chupa ya dawa ya mbu ukiwa unapuliza kwa muda mrefu? Inakuwa baridi. Hewa inayotoka kwa shinikizo kubwa inapoa vibaya sana, na ile ya Tinosa ilikuwa na unyevu ndani yake. Unyevu ukawa barafu kwenye vichujio vya mabomba. Hewa ikazibwa njiani.

Barafu. Watu 129 walikuwa ndani ya Thresher. Kitu cha mwisho kilichokuwa kimebaki cha kuwainua, inavyoonekana, kilizibwa na kitu unachokuta kwa friji yako.

Na nani alitumwa kuwatafuta? Trieste. Ilitolewa Pasifiki ikaletwa Atlantiki, ikashuka mara kadhaa mwaka huo hadi karibu mita 2,560, na mwezi wa Agosti ikarudi na kipande cha bomba chenye namba 593, namba ya Thresher. Lile puto zee la petroli, linalotambaa kama konokono, lilikuwa linashuka na kurudi, kushuka na kurudi, juu ya mabaki ya chombo cha kisasa mara elfu ambacho kilihitaji kila kitu kifanye kazi ndio kirudi. Baada ya hapo wanamaji wa Marekani walianzisha mpango mkali wa usalama wa nyambizi, na kati ya vitu vilivyobadilishwa ni hiyo mifumo ya kupuliza hewa.

Petroli yenyewe haikudumu. Ni hatari, ni nyingi mno, inahitaji meli ya kuvuta. Mwaka 1964 ilizinduliwa Alvin, ya taasisi ya Woods Hole, na badala ya petroli ikatumia povu gumu: vipovu vidogo sana vya kioo vilivyogandishwa ndani ya plastiki. Vinaelea, havibanwi kirahisi, haviwaki moto. Tangi la mita 18 likawa tofali za kufunga juu ya chombo kidogo. Lakini wazo la mzee liko pale pale. Alvin inashuka kwa uzito wa vyuma bapa vilivyofungwa ubavuni. Ikikaribia chini inaangusha baadhi ili ielee bila kushuka wala kupanda. Kazi ikiisha inaangusha vilivyobaki. Marekebisho madogo madogo inayafanya kwa kupampu maji ndani na nje. James Cameron, yule wa filamu, alipofika Challenger Deep peke yake Machi 26, 2012, alishuka na kupanda kwa njia ya ukoo huo huo: chuma cha kuangusha, povu la kuinua. Alipanda kwa kama dakika 70. Vyombo vya siku hizi vinaongeza hata viungo vya chuma vinavyoliwa na maji ya chumvi, kwamba baada ya masaa fulani vinakatika vyenyewe na uzito unaanguka, hata kama wote ndani mmelala.

Kwa hivyo yule aliyeniuliza, nikurudishie jibu lako, miaka imepita. Ndiyo. Titan ilikuwa na namna ya kurudi juu, tena kadhaa. Ujumbe wa mwisho ulioingia kwa meli siku hiyo ulisema wameangusha vizito viwili. Njia ya kupanda ilikuwepo na inaonekana ilikuwa inatumika.

Kilichokosekana ni kile kitu kingine cha Piccard, ambacho ni kigumu kukiona kwa sababu hakina stori: tufe. Titan haikuwa tufe. Ilikuwa kama pipa refu la nyuzi za kaboni lenye vifuniko vya titaniamu, ili iingie watu 5 badala ya watatu, na kampuni ilikataa kuipeleka ikaguliwe na kuidhinishwa na watu wa nje kama ilivyo kawaida ya hiyo kazi. Walioijua kazi waliwaonya miaka kabla. Agosti 2025, ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ilisema ajali hiyo ingeweza kuzuilika. Na hapa ndipo napingana na wale wanaosema bahari ilichukua chake, au kwamba huo ni mchezo wa kamari wa matajiri. Kamari gani? Kwa zaidi ya miaka 60 watu walikuwa wameshuka kwenye vilindi kama hivyo na kurudi nyumbani kwa chakula cha jioni, mara maelfu, kwa sababu kuna watu waliokaa na kuuliza swali la kuchosha: kila kitu kikiharibika, nini kinafuata? Mtu akaja akasema hayo maswali yanachelewesha ubunifu. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, kwa hivyo simtukani. Lakini yule wa miaka 19 hakuchora lile pipa.

Auguste Piccard alikufa Machi 1962, miaka miwili baada ya mwanawe kurudi kutoka Challenger Deep. Don Walsh aliishi hadi Novemba 2023, miezi mitano baada ya Titan, akiwa na miaka 92. Trieste iko kwenye makumbusho ya wanamaji kule Washington, unaweza kusimama chini ya kale kampira uone kadirisha kao.

Punje zao za chuma hazikurudi. Zilimwagwa kule chini, na kila chombo kilichofuata kimeacha chake. Hata Alvin ikishuka wiki hii, itapanda ikiwa imeacha vyuma vyake vimelala kwenye tope.